Redio Niliyoifunga Mdomo

Simu yangu ilizima baba akiwa katikati ya neno. Alikuwa amesema, "Nekesa, Kuka ame," kisha kioo kikawa cheusi. Tundu la chaji lilikuwa limelegea kwa wiki mbili, nami nilikuwa nimeliwaza kila siku bila kulipeleka kwa fundi. Nilikaa kitandani katika chumba changu cha kupanga huku Kibabii nikijaribu kumalizia lile neno. Ameanguka. Amelazwa. Ameuliza habari zako. Nina digrii na sina kazi, na akili yangu ikikosa cha kufanya hujitafutia yenyewe. Nilipofika mjini Bungoma kwa fundi wa simu karibu na soko, nilikuwa nimempitisha babu yangu katika ajali nane na kumponya katika saba.

"Hii ni kuchoma tu, sista. Dakika tano. Si utangoja?" fundi aliniambia.

Aliifungua simu, akagusisha kichuma chake cha moto kwenye uzi wa risasi ya kuunganishia nyaya, na moshi mwembamba ukapanda. Harufu yake ni tamu halafu inakwaruza koo, kama utomvu wa msonobari ulioungua pamoja na sarafu. Sikuwa nimeinusa tangu nikiwa darasa la tatu. Sikungoja simu iwake. Nilijua neno lilikuwa lipi.

Baba alipopiga tena hakulia. Alikuwa tayari amegeuka kuwa mtu wa mipango. "Mbona unanizimia? Kuka ametuacha, asubuhi ya leo. Sasa sikiza. Wewe ndio umesoma, na uko hapo karibu na stesheni. Andika tangazo la redio. Usisahau jina la mtu. Ukisahau mtu tutazika na kesi juu."

Ukoo wetu una walimu wawili na binamu anayejua kuongea kama mbunge, lakini kazi hiyo ilinijia mimi.

Ili ieleweke kwa nini nilikaa ukingoni mwa barabara na karatasi tupu kwa zaidi ya saa moja, lazima nirudi Kiminini. Mama alikuwa mgonjwa. Tumbo, walisema, na kila waliposema "tumbo" walitazamana juu ya kichwa changu. Alilazwa Bungoma, baba akabaki naye, nami nikapelekwa kwa Kuka, jina tunalomwitia babu kwetu, katika shamba lake upande wa ndani kutoka Kiminini, mahali ambapo mahindi yakikomaa huwezi kuiona nyumba ya jirani. Kukhu, yaani nyanya, alikuwa amefariki kabla sijazaliwa. Tulikuwa wawili tu, mzee na mtoto, pamoja na kuku ambao hawakunipenda.

Kuka alikuwa fundi mstaafu wa nyaya za simu, zile za nguzo. Alikuwa amepanda nguzo kutoka Kitale mpaka Webuye, na alikataa katakata kununua simu ya mkononi. "Nimepanda nguzo miaka yote hiyo," alisema, "sasa ati nibebe ingine kwa mfuko?" Habari za mama zilikuja Jumapili, baba akiwa nyuma ya pikipiki na mkate chini ya kwapa. Siku sita zilizobaki hatukuwa na habari yoyote isipokuwa ya redio.

Kama wewe ni wa rika langu na ulikulia huku kwetu, unakumbuka ile saa. Karibu saa moja jioni, ugali ukiwa bado jikoni, mtu anasema "nyamazeni," na nyumba nzima inanyamaza hata mbuzi. Betri zimeshinda juani kutwa ili zipate nguvu ya dakika hizo chache. Kisha sauti nzito, isiyo na haraka: familia ya fulani inasikitika kutangaza kifo cha fulani, mume wa fulani, baba wa fulani na fulani. Majina yanashuka kama watu wanaoteremka lori, mmoja baada ya mwingine, na kila nyumba inasikiliza kama wake wamo.

Nilisikiliza kwa makini kuliko wote, na nikaelewa vibaya.

Jirani yetu Mama Rispa alikuwa amelazwa Kitale. Tulikuwa tukimwombea kila jioni, na Kuka alisema anapata nafuu. Halafu jioni moja redio ikasema jina lake, mama wa Rispa na wenzake, na papo hapo kilio kikapasuka ng'ambo ya mahindi. Kabla ya redio hakuna aliyelia. Kabla ya redio alikuwa hospitalini, ana blanketi, anakunywa uji. Kwa akili yangu ya miaka tisa mambo yalikuwa wazi kabisa: mtu hafi mpaka redio iseme. Ile sauti nzito haikuwa ikileta habari. Ilikuwa ikiita, na walioitwa walikwenda.

Tangu hapo kila jioni nilikaa nimekunja magoti nikisubiri isemwe: mama wa Nekesa. Majina yakianza na sauti ya jina la mama, nilibana masikio kati ya magoti. Yakipita, nilipumua mpaka kesho. Sikumwambia Kuka. Ukimwambia mtu kitu kinachotisha hivyo, nilidhani, unakuwa umekipa njia.

Halafu radi ikatusaidia. Ilipiga mti uliokuwa umefungwa waya wa erio, ule unaoinasia redio sauti, ikashuka na waya mpaka mezani, na redio ya Kuka ikatoa moshi na kunyamaza. Kuka aliishika kama mtu aliyebeba ndege aliyekufa. Mimi nilitoka nje kwenye matope na kumshukuru Mungu.

Siku mbili baadaye alikwenda Kitale akarudi na mfuko wa plastiki usiozidi kiganja. Ndani mlikuwa na kibao cha kijani chenye matundu madogo, vijiti vyenye pete za rangi, vikopo kama vya dawa za sindano, koili ya shaba iliyojisokota kama springi, na spika ndogo. Ilikuwa redio ambayo bado haijawa redio, ya watoto wa shule kujifunzia.

"Wewe macho yako ni mapya," alisema. "Yangu iko na ukungu. Mimi nitakuambia, wewe utachoma. Mikono ikiwa na kazi, kichwa hakizunguki sana."

Sasa naelewa kwamba zawadi ilikuwa hiyo sentensi ya mwisho. Mzee aliniona nilivyokuwa nikikunja magoti kila jioni, akasafiri mpaka Kitale kunitafutia kazi ya mikono. Wakati huo nilichoona ni kwamba analeta redio nyingine.

Hakukuwa na stima. Kuka alikuwa na kichuma chake cha zamani cha kazini, kichwa cha shaba kwenye mpini wa mbao, na tulikipasha moto kwenye jiko la makaa nje ya jikoni. Alinifundisha kukisafisha kwa kitambaa chenye maji, kikilia *sss*. Alinifundisha kupasha kwanza mguu wa chombo, ule waya wake unaopenya tundu la kibao, si risasi, na kuiacha risasi ije yenyewe. "Usiisukume. Ikipata joto itakimbia kama maji. Halafu usipumulie, usitingishe. Hesabu kumi."

Kiungo kizuri, alisema, kinang'aa kama bati jipya. Kiungo kibaya kina rangi ya majivu. "Hiyo ndiyo adui. Ukishika kimeshika, ukivuta hakitoki, lakini hakipitishi kitu. Tunaita kiungo baridi. Kinadanganya watu."

"Na kazini mtu akichoma kiungo baridi?"

"Mkubwa anafunga kitambaa chekundu kwa hiyo nguzo. Hakiguswi na mtu mwingine, hata kama laini imekufa mpaka Uganda. Mwenye kukichoma ndio anarudi, anapanda, anachoma tena, anafungua kitambaa na anakirudisha kwa mkono ya mkubwa. Hakuna maneno. Hakuna kuulizwa ulikuwa unafikiria nini." Alicheka. "Mimi nilirudisha tatu. Bakoki wangu Barasa, huyo alirudisha nyingi mpaka tukamwambia ashone shati."

Mzee Barasa nilimjua kwa hadithi tu. Alikuwa akiishi upande wa Kimilili. Yeye na Kuka walipakwa tope la mto mmoja alfajiri moja na kutahiriwa siku moja, na kwa hiyo walikuwa bakoki, kitu kinachopita urafiki. Waliajiriwa pamoja na kustaafu pamoja. Kuka alipomtaja uso wake ulikuwa wa kijana.

Tulichoma jioni nne. Nataka kusema nilizichukia, lakini nilizipenda. Nilipenda ile harufu, nilipenda risasi ilipoyeyuka ghafla na kuwa kitone chenye mwanga, nilipenda Kuka alivyopitisha ukucha wa kidole gumba juu ya kila kiungo na kusema "hiyo ni ya fundi." Kila kitone kilichong'aa kiliisogeza ile sauti karibu na jina la mama.

Kilichobaki mwisho kilikuwa koili, mahali erio inapoingilia. Kuka aliniambia kila kitu kingine kikiwa sawa na hapo pakiwa pabaya, redio itakuwa na pumzi lakini haina masikio. Aliniambia hivyo kama maelezo ya kazi. Mimi nilisikia kama maelekezo.

Nilipasha mguu. Nikaileta risasi. Ikakimbia vizuri, na nilipoondoa kichuma nikaanza kuhesabu kwa sauti ili Kuka asikie. Moja, mbili. Nilipofika tatu nilishika koili kwa kibanio na kuitingisha. Niliona kitone kikififia mbele ya macho yangu, kutoka bati jipya mpaka majivu. Nikaendelea kuhesabu mpaka kumi. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo, na mara nyingi, nikishindwa kulala, hicho ndicho kinachonitisha.

Kuka alipitisha ukucha. Umbo lilikuwa la duara. "Ya fundi," akasema.

Tukaweka betri. Redio ikapumua, *shhhh*, kama mvua ya mbali, na haikusema kitu. Alizungusha kitufe mpaka mwisho na kurudi. Akageuza betri. Akavuta erio mpaka juu ya paa. Jioni tatu mfululizo alikaa na kile kibao karibu na pua, taa ya mafuta karibu kumchoma nyusi, akitafuta kwa macho yenye ukungu kitu ambacho mimi ningemwonyesha kwa kidole.

"Si wewe," aliniambia hatimaye. "Wewe umechoma vizuri. Ni mimi nilikuelekeza vibaya mahali. Hii mikono ilishika waya ya nchi mzima, na leo imeshindwa na kitu ya watoto."

Aliiweka juu ya kabati. Kichuma akakifunga kwa gunia. Sikumwona akikifungua tena.

Nilingoja kujisikia vibaya, na nilijisikia, lakini chini ya ubaya huo palikuwa na utulivu ambao sijawahi kuupata tena maishani. Jioni zilipita bila majina. Mama alikuwa hospitalini, ana blanketi, anakunywa uji. Jumapili baba alisema wamempasua na ameamka. Jumapili iliyofuata alisema ameketi. Kuka alifumba macho na kusema asante kwa Mungu, nami nikatazama juu ya kabati. Nilijua ni nani wa kushukuriwa.

Mtoto wa Mzee Barasa alikuja kwa baiskeli katikati ya wiki, mtu mzima mwenye ndevu, kichwa kimenyolewa kwa matanga. Hakuketi alipokaribishwa.

"Baba, tulikungoja," alimwambia Kuka. Alimwita baba kwa sababu mtoto wa bakoki ni mtoto wako. "Tulimweka mzee siku mbili zaidi tukikungoja wewe."

Kuka hakuelewa. Nilimwona asivyoelewa. "Mzee gani?"

"Tulitangaza jioni tatu. Na jina lako likasomwa kabisa, bakoki wake wa Kiminini. Mwishowe watu wakachoka. Pale pa bakoki kusimama aseme, hakuna mtu alisimama. Tukafunika tu."

"Redio yangu ni bubu," Kuka alisema.

"Si majirani wako na redio?"

Walikuwa nazo. Baadaye tulijua nyumba tatu zilisikia jina lake likisomwa, na kila moja ikadhani amesikia mwenyewe, kwa kuwa nani asiyejua kwamba Kuka ana redio. Walipomwona shambani walimpa pole, naye akadhani ni pole ya mama.

Yule mtu aliondoka bila kunywa chai. Kwetu hilo ni neno zito kuliko tusi. Kuka alibaki amesimama pale mlangoni, akauegemea mwimo, na kusema bila kumwambia mtu, "Barasa amezikwa kama mtu hana rika." Mimi nilikuwa nyuma yake na bakuli la mahindi ya kuku. Ningeweza kusema. Nilikuwa na maneno yote tayari. Lakini mama alikuwa bado Bungoma, na kama ningesema redio ingetengenezwa, na jioni ingerudi.

Nilirusha mahindi. Kuku wakaja mbio, wakanisamehe kila kitu.

Mama alipona. Nimejaribu kuiandika sentensi hiyo kwa furaha na kila mara inatoka na kivuli chake. Najua, kwa sehemu ya kichwa changu iliyosoma takwimu mpaka ikafaulu, kwamba alipona kwa sababu daktari alimpasua kwa wakati. Ningekuwa tena na miaka tisa ningeitingisha ile koili tena. Hiyo ndiyo sababu toba yangu haijawahi kukaa sawa. Imeshika, ukivuta haitoki, lakini haipitishi kitu.

Nikiwa sekondari, Kuka alitolewa mtoto wa jicho, Kitale. Alirudi akisoma hata maandishi ya kwenye kiberiti. Likizo iliyofuata aliniuliza, akimenya muwa, "Nekesa, ile redio yetu, hutaki kuiangalia?"

"Iko na nini, Kuka?"

"Sijui. Wewe ndio fundi."

Nilisema niko na mtihani. Likizo nyingine akauliza tena, nikasema nitaiangalia kesho. Aliniuliza nilipoingia chuo na aliniuliza nilipohitimu, kwa sauti ileile isiyo na haraka, na kila mara nilidhani ni uzee, mzee amekwama kwenye kitu kimoja. Nilikuwa na huruma naye. Nilianza kupanga ziara zangu ziwe fupi.

Basi niliandika lile tangazo. Mume wa marehemu fulani, baba wa fulani na fulani, babu wa. Jina langu nililiandika na kulifuta mara nne, mara ya tano nikaliacha. Mwisho, mahali ambapo familia nyingi huandika rafiki na jirani, niliandika bakoki wa marehemu Barasa wa Kimilili. Nikalipeleka, nikaenda Kiminini.

Boma lilikuwa limejaa viti vya plastiki. Baba alikuwa na daftari la mipango, mama alikuwa jikoni na wanawake wengine, mzima, mnene, akilia na kupakua kwa wakati mmoja. Niliingia chumbani kwa Kuka nikaiteremsha redio. Haikuwa na vumbi nililolitarajia. Nilikigeuza kile kibao kuelekea mwanga wa dirisha.

Kwenye koili, pale erio inapoingilia, palikuwa na uzi mwekundu. Umefungwa fundo moja safi, la mtu aliyefunga maelfu. Umefifia upande unaopata mwanga. Na kiungo changu kilikuwa palepale chini yake, rangi ya majivu, hakijaguswa.

Alikuwa amekiona tangu macho yake yarudi, na kila likizo alikuwa akiniita nirudi kwenye nguzo yangu. Nilisikia baba akiita nje, "Leteni redio, ni karibu saa moja," na mtu akajibu kuna simu. Nilikifungua kichuma kwenye gunia. Nilikwenda jikoni nikakichomeka kwenye makaa chini ya sufuria ya chai, na wanawake wakanipisha bila kuuliza; matangani watu wanafanya mambo ya ajabu. Nilipasha mguu kwanza. Risasi ya zamani ilisita, kisha ikakimbia. Sikupumua. Nilihesabu kumi, na mama, aliyekuwa amesimama juu yangu na mwiko, akahesabu nami bila kujua tunahesabu nini.

"Si hiyo ilikufa zamani?" aliniuliza.

"Ilikuwa kiungo kimoja tu, mama."

Niliweka betri. Mvua ya mbali, halafu sauti, si ileile ya zamani lakini nzito vivyo hivyo. Mtu akasema nyamazeni. Majina yakaanza kuteremka. Walipofika kwa Kuka nilimshika mama mkono wenye mwiko. Babu wa Nekesa, redio ikasema, bakoki wa marehemu Barasa, na wanawake wakaanza kulia upya kana kwamba ndiyo kwanza wanaambiwa.

Sijui kama kuna aliyesikia upande wa Kimilili. Siku ya mazishi niliwatazama wageni wote na sikumwona mtu wa ndevu ninayemkumbuka, ingawa huenda ndevu zimebadilika.

Uzi nilikuwa nimeufungua baada ya kuchoma, nao ulikuwa mkononi mwangu. Kanuni ilisema unarudishwa mkononi mwa mkubwa, bila maneno. Tulipita kumuaga kwa mstari, mmoja mmoja, na nilikuwa nimepanga kila hatua: nitainama, nitaugusisha kiganjani, nitaondoka. Lakini walikuwa wamemfunika mpaka kifuani na shuka jeupe lililobanwa pande zote, mikono yote ndani. Nilisimama. Shangazi nyuma yangu akanisukuma taratibu na kusema, "Songa, mama, watu ni wengi."

Nikautia kwenye mfuko wa koti lake, ule wa juu, alipokuwa akiweka penseli. Nimekuwa nikijiuliza tangu siku hiyo kama mfukoni ni sawa na mkononi.